Mwalimu Asiyeona Barabara

Mpishi wa shule ya bweni alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipojiandikisha chuo cha udereva. Hakumwambia mtu, mumewe ndiyo kabisa.

Mume huyo aliendesha malori miaka ishirini na saba, mpaka kisukari kilipomharibu macho. Mwaka mzima sasa gari lao dogo lilikaa uani chini ya turubai, na neno la kuliuza halikutamkika mbele yake. Siku za kliniki walimwomba jirani awapeleke, naye jirani alikuwa ameanza kuwa na safari nyingi za ghafla.

Mama alianza na alama za barabarani. Alizisoma akisubiri maharage yaive, daftari kaliegemeza kwenye ndoo ya chumvi. Kisha akashika usukani. Siku ya kwanza gari lilimzimikia mara tisa.

Siri iliponyoka nyumbani, akiosha vyombo. Midomo yake ilikuwa ikinong'ona yenyewe: "Klachi, gia, achia polepole..."

"Unaachia nini polepole?" mumewe akauliza kutoka mezani.

Akamweleza yote. Mzee aliinuka, akapapasa ukuta hadi chumbani, akafunga mlango. Siku mbili nyumba ile ilikuwa na salamu tu.

Siku ya tatu, mama aliporudi kutoka kazini, alikuta turubai limekunjwa na mumewe kaketi garini, upande wa abiria.

"Ingia. Usiwashe kwanza. Tafuta gia zote bila kutazama."

"Nitazipataje?"

"Kama unavyopata kijiko gizani. Mkono wako haupotei, mama watoto."

Basi wakawa wanafanya hivyo kila jioni, gari likienda mbele hatua kumi na kurudi kumi, hapohapo uani. Mzee alisikiliza injini, kichwa kakiinamisha. "Unaisikia? Inalalamika. Punguza mafuta."

Jaribio la kwanza alianguka. Akirudi nyuma kuegesha, aliangusha nguzo ya pembeni, na mtahini akamwambia arudi baada ya mwezi. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kupika.

"Mimi nilianguka mara tatu," mumewe akasema usiku ule.

"Hukuwahi kuniambia!"

"Ningekuambia lini? Nilikuwa nakuchumbia."

Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili, mtahini alimsimamisha katikati ya mlima. Alipoondoa breki ya mkono, gari likaanza kurudi nyuma. Akaivuta tena, akaachia klachi polepole akisikiliza injini mpaka sauti ikazama kidogo, ndipo akaachia breki. Gari likapanda. Mtahini aliandika kwa muda mrefu, halafu akasema, "Umepita, mama."

Siku ya kliniki ilipofika, mzee alikaa upande wa abiria, mikono magotini. Kwenye makutano ya kwanza mguu wake ulikanyaga sakafu, ukitafuta breki. Mama aliona, akapunguza mwendo.

Baadaye mzee akauliza, "Mbele kuna nini?"

"Lori. Limebeba magodoro, limefungwa kamba moja tu."

"Moja? Kaa naye mbali huyo."

"Nimekaa mbali."

"Na pembeni?"

"Wamejenga ghorofa palipokuwa na karakana. Bado haijapakwa rangi."

Mzee akageuzia uso dirishani. "Endelea," akasema. "Usiruke kitu."