Fundi Edmund na Protini Isiyo na Umbo

Selestina alifundisha kemia Masasi, na kila Ijumaa alipanda Newala kumwona baba yake, Edmund, fundi cherehani aliyeshonea kwaya majoho kwa miaka thelathini. Sasa mkono wake wa kulia ulitetemeka hata akiwa amekaa tu. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano.

Daktari wa hospitali ya Ndanda alishasema ni ugonjwa wa Parkinson. Selestina hakuhitaji maelezo. Shahada yake ya pili aliifanya kuhusu protini inayohusika na ugonjwa huohuo: miaka miwili mbele ya kompyuta, akikokotoa maumbo yake.

Shangazi Julia hakuridhika. "Kaka yangu karogwa, mwanangu. Makote kuna mganga anaweza kumtoa uchawi."

"Hajarogwa, shangazi." Selestina aliketi mkekani, vumbi la safari bado miguuni. "Protini nyingi mwilini hujikunja zikapata umbo, kama mvua ya huku juu inavyoteremka ikatulia bondeni. Hii haina bonde lake. Ipo kama maji kwenye uwanda wenye vishimo vifupi. Inaingia hiki, inatoka, inaingia kile. Ndivyo ilivyoumbwa, na ndivyo inavyofanya kazi. Ila mara nyingine zinashikamana nyingi, zinatumbukia kwenye shimo refu, hazitoki. Seli za ubongo zinakufa."

"Kwa nini iwe kwake?"

"Sijui, shangazi. Hata walionifundisha hawajui."

Edmund alicheka kidogo. "Miaka miwili yote hiyo! Dawa je?"

"Ipo ya kupunguza kutetemeka, baba. Ya kuponya bado."

"Nipe hiyohiyo. Nimechoka kujadiliwa kama sipo."

Julia alikwenda Makote peke yake, akarudi na hirizi. Edmund akaivaa asimuudhi dada yake, na vidonge akameza. Selestina hakubisha, nguvu za kubishana hakuwa nazo.

Vidonge vilimpa Edmund saa tatu za utulivu kila asubuhi. Akawa anapinda mashuka, mishono iliyonyooka tu.

Mwaka huo chuo kikamwita Selestina akaendelee na protini ileile hadi uzamivu. Alimsomea baba yake barua.

"Nenda," Edmund alisema.

"Nani atakuja kukulisha mkono ukigoma?"

Selestina aliomba aahirishiwe mwaka mmoja, akakubaliwa. Mwaka ulipoisha, Edmund alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Selestina akakiandikia chuo kwamba hatakwenda, na Jumatatu akamfunga baba yake vifungo, akawahi gari la alfajiri la Masasi. Alikuwa na vipindi viwili vya kwanza.