Mkaa wa Arobaini

Mdogo wangu alikuwa mwoga wa gesi, na woga wake huo ndio uliotuponza. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wa hapa Minneapolis na Saint Paul, hasa wale waliokuja kutupa pole na masufuria yao ya pilau, wanapenda kusema kijana alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Laiti angekuwa, ningejua pa kupeleka hasira zangu.

Alinunua gari-nyumba kuukuu, yale magari marefu ambayo ndani yana kitanda, jiko, sinki na choo, akaliegesha Anoka kwenye uwanja wa familia ya Kikongo aliyofahamiana nayo kazini. Nia ilikuwa wakae humo yeye na mkewe kiangazi kimoja, wapate kuweka akiba. Mimba ikaja, kiangazi kikaisha, theluji ikaanguka, wakabaki humohumo. Mimi ninakaa Woodbury na nina chumba kitupu. Nikamwambia alete mkewe. Akanijibu kwamba mtu na mkewe hukaa kwao. Haya, nikamwacha na kwao kwenye magurudumu.

Mzungu mzee aliyemuuzia alimfundisha vizuri, lazima niseme haki. Alimwambia gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwamba ikivuja haipandi juu bali inatambaa sakafuni na kungoja cheche. Basi kila alipobadilisha mtungi, mdogo wangu alipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba, akainama mpaka pua ikaribie bomba, akitafuta povu linalovimba. Umeme nao alikuwa akiuvuta kwa waya kutoka gereji ya wenyeji wake. Siku moja hita ndogo ya umeme iliyeyusha plagi, gari zima likanuka plastiki. Aliikanyaga ile hita ikavunjika, akaitupa, akaapa hataki kuiona nyingine. Karibu na kitanda palikuwa na king'ora, kijisanduku cheupe kinachopiga kelele hewa ikichafuka, na kila Jumapili alikibonyeza kuhakikisha ki hai.

Wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume katikati ya baridi, na mama akaja kutoka Tanga kumlea mzazi.

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa. Mwanamke akijifungua, kwa siku arobaini mwili wake ni wa mama na mama mkwe. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anafukizwa, analalia joto la makaa, na upepo haumgusi hata kidogo, maana upepo ukimwingia ataumwa mgongo mpaka uzeeni. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo kwa wanangu wawili na sikuona ubaya wake. Mama alikuja na chetezo chake, udi, mafuta ya nazi na khanga za kumfunga mzazi. Alipopanda ngazi za gari na kuliona lilivyo, aliniangalia mimi, si mwanawe, akasema, "Huku ndiko mnakozalia?"

Mdogo wangu akamfundisha kama alivyofundishwa. Akamwonyesha jiko la gesi, hita ya gesi, mtungi, mlango wa kutokea. Lakini alimfundisha kwa kumtisha. "Mama, hii kitu haina mchezo," alimwambia. "Ikivuja, sote tunalipuka. Ukisikia harufu, usiwashe hata taa, tokeni nje." Na umeme je? "Hita ya umeme ndiyo marufuku kabisa, mama. Itatuunguza."

Mama aliitikia kila neno. Baadaye akaninong'oneza kwamba mwanawe amemlaza mjukuu wake juu ya bomu.

Siku alipofukiza udi mara ya kwanza, king'ora kilipiga kelele hadi Mkongomani akatoka nyumbani kwake bila koti. Mtoto alishtuka, akalia mpaka akawa mwekundu. Kwetu mtoto wa arobaini hashtuliwi. Mama hakugombana na mtu. Alimwambia tu mwanawe kitu kile kiondoke. Na mtoto wa kiume wa Kitanga, hata awe na ndevu na leseni ya kuendesha malori, hamkatalii mama yake mbele ya mzazi. Akakifungua ukutani, akatoa betri, akakitia kwenye droo ya vijiko.

Nilipokuja nikaona alama tupu ukutani. Niliuliza, nikaambiwa, nikafoka. Mimi nikifoka nasikika.

"Dada, punguza sauti," mdogo wangu akasema. "Nitakirudisha arobaini ikiisha."

"Na hewa mbaya nayo itasubiri arobaini iishe?"

"Gesi ninaiangalia mwenyewe. Kila asubuhi ninaicheki kabla ya kwenda kazini. Mama anafukiza nje, mlangoni. Tumekubaliana."

Mama alikuwa anamkanda wifi kule nyuma, pazia limeshushwa. Bila kugeuka akasema, "Mwanangu huyu amekuwa Mzungu. Anaogopa hata udi."

Nilichokuwa sikijui, na mdogo wangu hakukijua, ni kwamba mama alikuwa akiizima hita ya gesi kila mwanawe alipoondoka. Alimwelewa sawasawa: gesi inalipuka, umeme unaunguza. Hakuna aliyemtisha kuhusu mkaa. Mkaa ameishi nao tangu kuzaliwa. Aliuona umewekwa gerejini kwa Mkongomani, magunia ya karatasi yaliyobaki ya kuchomea nyama wakati wa kiangazi, akaomba kwa ishara, akapewa. Alikuwa akiuwasha nje kwenye theluji, anapepea kwa kipande cha boksi, anangoja moshi wote uishe na makaa yakolee mekundu. Hapo ndipo alipoyaingiza ndani kwenye karai na kuyaweka pembeni ya kitanda. Matundu ya hewa ya darini alikuwa ameshayaziba kwa matambara, kwa ajili ya ule upepo.

Siku yenyewe nilikuwa nimepika uji wa pilipili manga. Nilifika adhuhuri, jua kali la baridi lile lisilopasha kitu. Nikagonga, kimya. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni, joto tamu la jikoni kwa mama, na sikunusa chochote. Mama alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha dereva, kichwa kimeegemea dirisha, anaguna. Niliita, akasema ulimi ukiwa mzito, "Kichwa. Kichwa kinaniuma."

Nilimburuta mpaka kwenye theluji. Nikarudi nikamtoa wifi kwa kumvuta makwapani, miguu yake ikigonga kila ngazi. Nikarudi kumchukua mtoto. Alikuwa amefungwa vizuri, kofia kichwani, mashavu yana rangi nzuri kuliko siku zote. Nilidhani amelala. Nilimpigapiga mgongo pale nje huku nazungumza na watu wa dharura kwenye simu, nikawaambia amelala, njooni haraka, amelala tu.

Hospitalini mjini walimlaza wifi ndani ya chumba cha chuma kama pipa kubwa, cha kumsukumia oksijeni. Alipona, kama huku ni kupona; mpaka leo anaanza sentensi na kuipoteza. Mama alipewa oksijeni ya usoni, akarudiwa na akili jioni ile ile. Mtoto hakuwekwa kwenye chochote.

Mtu wa zimamoto alikuja kutueleza, mimi na mdogo wangu, pembeni ya kitanda cha mama. Alieleza taratibu, kwa heshima: mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa ile hewa yenye sumu, haionekani wala hainuki, na ndani ya gari lililozibwa haina pa kwenda. Mitungi ya gesi wameikagua, haina tatizo lolote.

Mama haelewi Kiingereza. Akauliza, "Anasema nini?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanitangulia.

"Gesi, mama. Mtungi wa gari umevuja."

Mama akafumba macho. "Nilikuambia lile si mahali pa kumlaza mtoto."

"Ulisema, mama," akajibu. "Kosa ni langu."

Nilimwangalia mdogo wangu na nilimpenda kuliko siku yoyote, na nilitaka kumzaba kofi. Tulimzika mtoto kwenye ardhi iliyoganda, iliyochimbwa kwa mashine. Wifi aliambiwa ukweli, akakubali kuufunika. Kwenye uwanja wa ndege, mama akirudi Tanga, wifi alimkumbatia kwa muda mrefu. Tukaishi hivyo, na ningeendelea kuishi hivyo hadi nife.

Kisha mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa Dar es Salaam, akapata mimba. Anakaa ghorofani, kwenye kiyoyozi, na madirisha ya vioo hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi. Mama alikuwa ameshaanza kufungasha, na kwenye mizigo mna mkaa.

Mdogo wangu wa kiume akanisihi. "Niachie mimi, dada. Hili nimeshalibeba."

"Umebeba la kwako," nikamwambia. "La mtoto wa mwenzio huwezi kulibeba."

Nikampigia mama. Nilimweleza yote, moja kwa moja, maana ningezunguka nisingefika. Hakunikatiza.

"Nilikuwa nauwasha nje," akasema mwishowe. "Nilikuwa nangoja moshi uishe."

"Najua, mama. Kinachoua hakina moshi."



"Kwa hiyo mwanangu alijitwika, na wewe umesimama pale unasikia."

"Ndiyo, mama."

"Na mkewe alinikumbatia hali anajua."

"Anajua, mama."

"Mwambie mdogo wako wa Dar atafute mtu mwingine wa kumkanda," akasema, na hapo akakata.

Mdogo wetu alijifungua salama. Mwanamke wa jirani alimkanda, madirisha wazi, bila moto. Mama hupiga simu kuuliza kama mtoto ananyonya, kama analala, kama ana joto la kutosha. Kutoka Tanga hadi Dar ni safari ya asubuhi moja. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, ameota meno mawili, na bibi yake bado hajampakata.