Kamera Iliyofungiwa Mvua Ndani

Saa tatu asubuhi, jua limeshachangamka uani, na mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anaimwagilia kamera maji.

Anafanya makusudi. Ameiweka juu ya stuli, ameshika kopo la kumwagilia maua, na anainyeshea taratibu: juu, ubavuni, kisha pale chini inapochomekwa betri. Jirani anayeanika nguo upande wa pili wa ukuta anachungulia, anatikisa kichwa, anaendelea na shughuli zake. Ameshazoea.

Fundi anaikausha kamera kwa taulo na kuifungua. Ndani hamna kitu cha umeme, vyote amevitoa. Mna kipande cha tishu tu, kimechorwa mistari kwa kalamu ya wino. Tone moja likipenya, wino unatambaa. Anakiinua kwa kibano na kukigeuzageuza juani.

"Mistari imenyooka," anasema. "Maji hayajaingia. Hapo ndipo palipo rahisi."

Mtaani wanamwita Kavu, na jina limemkaa. Anaboresha kamera kubwa za kidijitali, zile za wapigapicha wa kazi, nzito kama tofali, ambazo sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni kubwa kupita ya kamera za kawaida. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya studio. Mgongo wa kamera, sehemu inayobeba sensa, huchomolewa, kwa hiyo kamera ya zamani inaweza kuvishwa mgongo mpya ikaanza maisha upya. Shida iko pale mgongo unapokutana na mwili. Pana mwanya mwembamba kama ukucha, na vumbi na mvua vinaujua kuliko mwenye kamera.

Kavu anauziba mwanya huo. Anakata gasketi za mpira kwa wembe, kila kitufe anakivisha pete yake. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa pasi za mvuke, mpaka siku alipoletewa kamera iliyonyeshewa harusini na mtu aliyekosa pa kuipeleka.

"Sikujua hata inawashwaje," anacheka. "Ila maji nilikuwa nayajua. Fundi wa pasi maisha yake yote ni kugombana na maji."

Kamera iliyo juu ya stuli leo imewahi kupita mikononi mwake. Ni ya mwanamke anayepiga picha za milima, na mara ya kwanza iliwatoa jasho wote wawili. Mwenyewe amekaa kwenye benchi la kibarazani, anasimulia kwa mikono na macho.

"Niliipandisha mlimani mpaka kwenye barafu," anasema. "Mvua njia nzima. Mimi nimelowa, mkoba umelowa, kamera wala haina habari. Nikasema huyu fundi kapatia! Tukafika juu, baridi ikashika. Picha zote zikaja na ukungu, kama nimepiga ndani ya glasi ya maziwa. Nafuta kioo, nafuta, nafuta. Kumbe ukungu wenyewe uko ndani!"

Mvua ile haikuingia mlimani. Ilipanda naye. Kavu alikuwa ameifunga kamera siku ya mvua, mlango uko wazi, huku akipiga soga na wateja. Hewa yenye unyevunyevu akaifungia humohumo, na kwa kuwa aliziba vizuri mno, haikupata pa kutokea. Ilipokutana na baridi ikageuka matone juu ya kioo kinachokinga sensa.

"Ningeziba ovyo ingepona," anasema Kavu, na hapo hacheki.

Wapigapicha wanajuana, na habari haikukawia. Msimu mzima uliofuata, wateja wake hawakumaliza vidole vya mkono mmoja. Nyumba ikaendeshwa na cherehani ya mkewe.

Sasa mpigapicha anarudi kulekule. Barafu inayeyuka kila mwaka, na pango la barafu analolitaka huenda safari nyingine asilikute. Kavu naye amejiapiza: kamera hii ikitoa ukungu tena, anarudi kwenye pasi na hagusi lenzi ya mtu. Ikitoka salama, anapanga chumba cha kazi.

Inakuwaje mtu amrudie fundi aliyemwangusha?

"Siku ile nilikuja nimejaa maneno," anasema mpigapicha. "Hata sijakaa, akaniambia, 'Dada, kosa ni langu, nipe niifungue nione nilipokosea.' Maneno yote yakaniishia mdomoni. Fundi wa hivyo unamwacha uende kwa nani?"

Baada ya chakula cha mchana, Kavu anaingia chumbani. Hapo ndipo panapofanyika kazi ngumu, ndani ya kabati la nguo. Rafu zimetolewa, balbu ya moto imening'inizwa, na kila pembe imejazwa vile vifuko vidogo vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wa mtaa mzima humwekea. Vikishiba unyevu anavikausha jikoni, juu ya sufuria tupu.

"Ni kabati langu la harusi hilo," anasema mkewe, pini mbili mdomoni, nguo ya mteja mapajani. "Magauni yangu yako kwenye maboksi chini ya kitanda. Kamera za watu ndizo zinazolala pazuri."

Sehemu za umeme za kamera na za mgongo wake mpya zimekaa humo tangu jana, wazi, zikikauka; maganda yake yameingia asubuhi, baada ya kumwagiliwa. Kavu anafunga mlango wa chumba, anafunga dirisha, anajifunga kitambaa puani na mdomoni. Pumzi ya mtu ina maji. Kwa hiyo wakati wa kufunga kamera haongei hata neno moja, na kila anapoukaribia ule mwanya anajizuia kupumua.

Mkewe, aliyekaa kibarazani na mpigapicha nje ya kioo cha dirisha, anaujua wakati huo, na huusubiri.

"Baba watoto," anaanza, kwa sauti ya upole kabisa, "bomba la jikoni ulisema utalitengeneza lini?"

Bisibisi inazunguka.

"Na dada yako anakuja kukaa wiki nzima, nimeambiwa na majirani. Ni kweli?"

Kavu anatoa macho juu ya kitambaa. Mpigapicha anauma kidole asicheke. Mke anaendelea hivyo, hoja baada ya hoja, hadi skrubu ya mwisho inapokazwa, na mumewe hajajibu hata moja.

"Haya, nimeshinda zote," anasema, na kurudi kwenye nguo yake.

Usiku kamera inalala kwenye friji, kando ya mtungi wa maji, ipate baridi kama ya mlimani.

Asubuhi wote watatu wako mbele ya friji hiyo. Kavu anaitoa kamera, na papo hapo lenzi inageuka nyeupe. Mpigapicha anashika kifua.

"Mungu wangu. Tena?"

"Huo ni ukungu wa nje," anasema Kavu, lakini sauti yake haina nguvu. Anafuta kwa kitambaa na kumkabidhi. "Piga sasa, kabla haijapata joto. Piga chochote."

Mpigapicha anageuka, na aliye karibu ni fundi mwenyewe, miwani ya uzi, mikono inaning'inia hajui aiweke wapi. Anampiga yeye. Kisha wanaisogeza kamera mezani na kuinamia skrini.

Ni picha nzuri kuliko walivyotarajia. Kila mvi inahesabika, hata nyuzi za miwani zinaonekana zilivyosokotwa. Mkewe anaweka mkono kinywani. Miaka yote hii kamera zimepita mikononi mwa mumewe, na hakuna hata moja iliyowahi kumtazama.

Kavu hatazami uso wake. Anaikuza picha, anaisogeza hadi pembe ya juu kushoto, pale ukungu ulipoanzia safari ile. Kisha pembe ya kulia. Kisha za chini. Hajajifunga kitambaa, hakuna kamera iliyo wazi, lakini hapumui.

Mkewe anainama, anatazama pembe zote nne pamoja naye. Kisha anamwekea mkono mgongoni.

"Pumua, baba watoto," anasema. "Iko kavu."

Anashusha pumzi ndefu hadi skrini inaingia ukungu, wa nje, na mpigapicha anaufuta kwa kiganja akicheka huku machozi yanamlengalenga. Kavu anakaa kwenye kigoda.

"Kesho twende tukakitazame kile chumba," anamwambia mkewe. "Chenye dirisha moja."

Mkewe ameshaondoka. Chumbani kunasikika maboksi yakivutwa kutoka chini ya kitanda.