Mafuta Yaliyokataa Kuganda

Nilirudi nyumbani Lutindi na shahada, bila kazi, na swali moja kichwani: ni kweli mafuta ya nguruwe hufuata anachokula? Nilikuwa nimesoma kwamba ukimlisha mbegu zenye omega-3, sehemu ya mafuta hayo mazuri huhamia kwenye nyama yake, tofauti na ng'ombe, ambaye tumbo lake huyabadili kwanza. Nilisoma, sikuamini.

Mama alikuwa na nguruwe wawili wa uzao mmoja, aliowatenga kwa sherehe ya kipaimara cha mdogo wangu. Akanipa mmoja, kwa sharti.

"Nyama ikiharibika, wageni utawaeleza wewe. Kwa Kizungu chako hicho hicho."

Wa kwake aliendelea na pumba na maganda ya ndizi. Wangu nilimwongezea mbegu za chia, zenye omega-3 kwa wingi. Nilizifuata Korogwe mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la nafaka.

"Shikamoo, mzee. Kilo mbili tena."

"Marahaba. Kwenu mnazipenda kweli. Mnatia kwenye maziwa?"

Sikutaka kumdanganya. "Ni za mifugo, mzee."

"Kuku?"

"Mkubwa kuliko kuku."

Alinitazama kidogo, akaangua kicheko. "Basi ishia hapo hapo, mwanangu." Akapima, akaongeza na kiganja juu yake.

Baada ya mwezi mama aliniita shambani. Kwenye tuta la mchicha, pale alipomwaga samadi ya nguruwe wangu, miche nisiyoitarajia ilikuwa imesongamana kama nywele. Chia.

"Nguruwe wako hali," alisema mama. "Anapanda."

Nilikuwa nimempa mbegu nzima nzima, na nyingi zilitoka kama zilivyoingia. Miaka yote ile ya chuo, na aliyegundua ni mama. Nikashika mchi. Kila asubuhi nilitwanga za siku hiyo tu, maana zikishapondwa huharibika upesi. Mama alinicheka siku tatu, ya nne akaja na mchi wake.

Siku mbili kabla ya kipaimara, mjomba alichinja wote wawili. Mama akayeyusha mafuta ya kila mmoja kwenye bakuli lake, akayaacha yalale. Asubuhi za kwetu zina baridi, na mama ana kipimo chake: mafuta mazuri hayadondoki hata ukipindua bakuli. Ya kwake yalisimama magumu kama mshumaa. Ya kwangu yalimwagikia kanga yake.

"Haya, msomi. Umeniharibia nguruwe, na kesho nina wageni."

Niliogopa, na papo hapo nilifurahi, kwa sababu mafuta niliyokuwa nikiyatafuta huwa laini. Ila mafuta mengine ya mbegu nayo hulainisha, na maabara ya kuhakikisha sikuwa nayo. Nikamweleza yote hayo.

"Wageni hawali maabara." Akakata kipande cha nyama ya nguruwe wangu, akakikaanga kwa chumvi tu, akatafuna huku amenikazia macho. Kisha akakata cha pili.

Siku ya sherehe, nyama ya nguruwe wangu ndiyo aliyoipeleka meza ya mchungaji. Mchungaji akaomba aongezewe. Nilitaka kumuuliza ameonja tofauti gani hasa, lakini mama alinikanyaga mguu chini ya meza.