Mhariri Aliyeuliza Maswali Mazuri

Vijana wa Garsen wanaotaka kuwa waandishi wa habari huniletea matangazo ya kazi kabla ya kuyajibu. Sijui cheo hiki nilikipata lini, maana hakuna aliyenipa. Wanaingia katika duka la kuchapisha na kutoa nakala ninakofanya kazi, wanaegemeza viwiko mezani na kunisogezea simu usoni. Dada, hebu isome hii. Nami naisoma, tena kwa raha, hata kama foleni ya wanaosubiri nakala za vitambulisho imefika mlangoni.

Nayapenda matangazo haya, sitaficha. Yana vituko. Moja lilitafuta mwandishi wa Mkoa wa Pwani, na mikoa ilifutwa Kenya, zikaja kaunti, mimi nikiwa shule ya msingi. Jingine lilitaka mtu anayeongea vizuri "lugha ya Tana River". Hilo lilinichekesha mpaka mteja mmoja akaniuliza kama niko sawa. Lugha ya Tana River ni ipi? Kipokomo, Kiorma, Kisomali, Kigiriama, au hiki Kiswahili tunachokivunjavunja ili sote tuelewane? Aliyeandika tangazo lile hajawahi kununua hata fungu la nyanya katika soko letu. Jingine lilikuwa na picha ya chumba cha habari, watu watano wamesimama wakiicheka kompyuta moja. Mimi nilifanya mazoezi ya kazi katika kituo kidogo cha redio, na sijaona mtu akiicheka kompyuta. Tuliitazama tukiomba isizime.

Kuna yale ambayo mwisho wa kutuma maombi ni leo, na kesho ukiangalia bado ni leo. Kuna yasiyo na jina la mhariri, yana namba ya simu tu. Kuna gazeti la mtandaoni nililolifuata mpaka ndani, nikakuta habari ya mfugaji nyuki aliyebadilisha maisha ya kijiji chake. Siku hiyohiyo, katika ukurasa mwingine, mfugaji yuleyule, mizinga ileile, kijiji kimehamia kaunti nyingine. Nilikaa nalo saa nzima. Nilitaka sana kumjua mtu anayehamisha nyuki kwa namna hiyo.

Wengi hudhani nilizaliwa na jicho hili. Ningependa iwe hivyo. Tangazo la kwanza nililolijibu mimi mwenyewe halikunichekesha hata kidogo, na ndiyo maana nalikumbuka neno kwa neno.

Nilikuwa nimemaliza diploma ya uandishi wa habari Mombasa na kurudi nyumbani Minjila, kwa baba, ambaye ni mfugaji kama baba yake. Nilikuwa nimetuma maombi kila mahali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimeinama mpaka mgongo ukazoea. Ndipo mmoja wa tuliosoma pamoja akatupitishia tangazo: gazeti la mtandaoni linatafuta waandishi wa mashinani, na katika orodha ya maeneo, bonde letu la chini la mto Tana limetajwa kwa jina lake. Hakuna anayetutaja sisi isipokuwa mto umefurika au watu wamepigana. Nilifurahi kuona tumetajwa siku ya kawaida.

Chuoni tulikuwa tumeonywa: kazi inayokuomba pesa si kazi. Hawa hawakuomba chochote. Hata mshahara hawakuutaja, nikasema moyoni kwamba hawa ni waungwana. Walitaka jambo moja tu, makala ya majaribio. Mtu mmoja wa eneo lako, maisha yake, maneno mia nane.

Sikuhitaji kufikiri. Nilimjua mama mmoja Ozi, mkulima wa mpunga. Nilifika kwake mara ya kwanza na watu wa redio, tulipokwenda kurekodi kipindi juu ya maji ya bahari yanayopanda mto na kuingia mashambani. Wenzangu walirudi, mimi nikabaki siku mbili, maana hakuna mtu aliyewahi kunijibu maswali kwa subira kama yake. Mimi ni binti wa wafugaji, yeye ni Mpokomo wa mtoni, na watu wetu wamegombania malisho na mashamba mara nyingi kiasi kwamba majirani zake walikuja kuchungulia ni nani huyu anayekatiwa vitunguu jikoni. Yeye hakujali. Kinasa sauti kikiwa kimezimwa, akaniambia kuhusu mwanawe.

Mpunga ulipoharibiwa na chumvi misimu miwili mfululizo, kijana alikwenda Mombasa kutafuta kazi ya ujenzi. Akapiga simu miezi michache. Kisha simu yake ikafungwa, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Nilipotaka kuandika makala yangu nilimpigia kumwomba ruhusa. "Andika, mwanangu," alisema. "Huenda akaisoma huko aliko."

Basi nikaandika. Siku ya pili mhariri akanijibu.

Hapa naomba nisieleweke vibaya nikisema kwamba alikuwa mhariri mzuri. Mpaka leo jambo hili linaniudhi na kunishangaza kwa pamoja. Nilikuwa nimeanza makala na historia ya kilimo cha mpunga, kama tulivyofundishwa. Yeye aliniambia historia inaweza kusubiri, nianze na mama na simu isiyopatikana. Alikuwa sahihi. Aliniambia nina jicho. Miaka mitatu ya chuo hakuna mwalimu aliyeniambia nina jicho. Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena.

Kisha akauliza maswali, na maswali yake yalikuwa yale ambayo mimi mwenyewe nilijilaumu kwa kutoyauliza. Kijana ana alama gani mwilini? Nyumbani huitwa nani? Humwitaje mama yake? Maelezo madogo, aliandika, ndiyo humfanya msomaji aamini. Hili pia ni kweli. Nalifundisha sasa kwa wanaonijia dukani.

Nikampigia tena mama wa Ozi. Tuliongea mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye. Alinieleza kovu la chini ya kidevu, mtoto alipoteleza kwenye mtumbwi akiwa na miaka sita. Alinipa jina lake la utotoni, ambalo sitaliandika mara ya pili. Akacheka aliponiambia kwamba mwanawe hajawahi kumwita mama. Alikua akiwasikia wadogo wa mama yake wakisema dada, naye akashika hilo hilo, dada, mpaka alipoota ndevu. Nilisikia jinsi alivyofurahi kuulizwa. Watu wa kijijini walikuwa wameacha kumuuliza, kwa huruma.

Nikayatia yote. Mhariri akasema makala imepita, limebaki jambo moja la utaratibu: namba ya simu ya mama, ili ofisi ithibitishe kwamba yupo. Najua vyumba vya habari huthibitisha. Ningeshangaa wasingeiomba. Nikaituma.

Jioni ile nilimkuta baba bomani, nikamwambia binti yake amepata kazi. Hakushangilia. Akauliza ofisi iko wapi, nikasema siku hizi ofisi ziko kwenye simu. Akauliza nani tunayemjua aliyewahi kumwona mtu huyo, au hata kunywa naye chai. Nikasema hakuna. Baba hahamishi ng'ombe kwa kusikia kwamba mahali fulani mvua imenyesha. Hutuma mtu kwanza, akazikanyage nyasi, na akirudi humhoji mpaka mimi humwonea huruma. Nilimweleza kwamba kazi si malisho. Akaendelea kumfunga ndama kamba, kisha akasema, "Yeye amekuuliza mambo mengi. Wewe umemuuliza nini?"

Nikamwambia mwombaji kazi haulizi. Nilisema hivyo mimi, niliyechapwa darasa la nne kwa kumuuliza mwalimu kwa nini anarudia shati lilelile.

Siku nne zilipita. Siku ya tano simu ililia, mama wa Ozi, na kabla sijamaliza kumwamkia alikuwa ananishukuru. Mungu akuweke, mwanangu, alikuwa akisema, Mungu akuzidishie. Mkubwa wako amenipigia. Mwanangu amepatikana.

Nikamuuliza amepatikana wapi. Akasema yuko hospitali Mombasa, ana homa, simu aliibiwa zamani na namba zote zikapotea nayo. Watu wa gazeti walimtambua kwa kovu. Alikuwa hana nguvu ya kuongea, lakini aliwauliza wale watu, dada yuko wapi. "Dada," mama alirudia. "Nani mwingine angejua hilo?"

Mimi nilijua. Nilisimama katikati ya uwanja wa nyumba yetu, simu sikioni. Kulikuwa na gharama za kumtoa hospitali, aliendelea, na jirani alikuwa amekubali kununua magunia yake ya mpunga, asubuhi ile au kesho yake. Nikamwomba asiuze na asitume kitu chochote mpaka nifike. Akadhani nataka kusafiri naye kwenda Mombasa, akasema atanisubiri, atafurahi sana.

Kabla sijaondoka nilimwandikia mhariri swali langu la kwanza: mgonjwa yuko hospitali gani? Akaniandikia, hongera, makala inatoka wiki hii. Nikauliza tena. Nembo ya gazeti ikatoweka pale kwenye kiduara cha wasifu wake, amenifungia, na sikusikia neno lake tena. Nilipiga simu katika hospitali tatu. Kwa jina la kijana hakukuwa na mtu.

Nilipanda pikipiki mpaka upande wa Kipini, kisha boti ndogo ya injini ikatupandisha mtoni. Njia nzima nilijaribu kupanga sentensi yangu ya kwanza. Yule mtu angenisaidia kuipanga, nilifikiri, na nikajichukia kwa kufikiri hivyo. Mashamba ya kando ya mto yalikuwa na ukoko mweupe pale maji ya chumvi yalipokaukia. Abiria mwenzangu alinionyesha kwa kidole shamba alilosema ni lake, na mimi sikumuuliza kitu.

Mama alikuwa ameanika neti ya mbu uani. Alikuwa ameifua, na kitanda cha kamba kilikuwa kimetolewa chumba cha nyuma kikachomwe jua. Jirani zake wawili walikuwa wanatwanga. Alinipokea kwa mikono yote miwili na kuniambia nikae, nile kwanza, safari ni ndefu. Nikamwambia siwezi kula. Nikamwomba tuingie ndani.

Nilimwambia yote, na sikujipunguzia hata kidogo. Kwamba hakuna gazeti. Kwamba mkubwa wangu si mkubwa wangu, na sijawahi kuuona uso wake. Kwamba kovu, jina, na lile neno dada aliyapata kwangu mimi, kwa kuwa aliniuliza nami nilitaka kusifiwa. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona kabla wala baada. Nilitarajia anifukuze, na majirani waseme si tulikuambia, mtoto wa watu wa ng'ombe. Nilikuwa tayari kwa hilo. Lingenisaidia.

Aliinamia mikono yake mapajani. Nje, kinu kiliendelea. Hakuniuliza kwa nini, wala yule mtu ni nani, wala kama atapiga tena. Alipoinua uso aliuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria njia nzima.

"Alinambia jana mwanangu amekunywa uji, akamaliza kikombe. Na huo pia hakuunywa?"

Nikamwambia sijui, mama. Hakuna aliyemwona.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Kisha, polepole, akaanza kunisimulia tena kila kitu ambacho mtu yule alimwambia kuhusu mwanawe, homa, kitanda kilicho karibu na dirisha, uji, nami nikakaa pale mkekani nikamsikiliza mpaka mwisho.