Diski ya Kalolaine

Lopeti wa Pangai, mji mdogo wa kisiwani, alikuwa mtu wa kufungua vitu. Alifungua redio, friza za bandarini alikoajiriwa, hata saa ya kanisa, ambayo tangu siku hiyo inakwenda vizuri ila hailii. Ndugu zake wa Auckland walipojaza mapipa ya kutuma nyumbani, walimchomekea vipuri vya kompyuta katikati ya sabuni na nyama za kopo, naye akaviunganisha juu ya meza ya chakula huku mkewe Losaline akihamishia sahani mkekani.

Safari hii alikuwa akimuundia kompyuta dada yake, Kalolaine. Kompyuta ya zamani ya dada ilikaa miaka dirishani penye upepo wa chumvi, ikafa. Diski tu ndiyo iliyobaki hai, na humo zilikuwamo video za vikongwe wa kisiwa wakigonga gome la kutengenezea ngatu, kitambaa cha asili chenye michoro, wakiimba na kueleza kila mchoro una maana gani. Nakala nyingine haikuwepo. Bibi Fane, aliyeijua michoro kuliko wote, siku hizi hata jina lake lilimponyoka.

Lopeti alikuwa akiitoa diski kwenye mashine ya zamani. Plagi ilishikwa na kutu, akavuta, ikagoma. Akaiyumbisha kidogo kwa ubavu. Kikasikika kimlio, kama ukucha unaokatwa.

Plagi ilitoka na ulimi wa plastiki wa diski ukiwa umenasa ndani yake. Pale ulipokuwa ulimi, zilibaki pini za rangi ya dhahabu, nyembamba kama nywele, bila cha kuegemea.

"Mbona kimya?" Losaline aliuliza kutoka jikoni. "Wewe ukinyamaza kuna kilichokufa."

"Hakijafa. Kimevunjika."

"Cha nani?"

"Cha dada."

Losaline akaweka sufuria chini. "Heri ungenivunja mimi mguu."

Hakuwa akitania sana. Viazi vikuu vya kwanza vya shamba la Lopeti vilikwenda kwa dada, na nguruwe mnono vilevile. Kwa mila ya kisiwa dada huheshimiwa sana, na mbele yake Lopeti hakupandisha sauti wala kutoa mzaha.

Alichukua sindano achokoe kile kipande kilichonasa. Kisha udadisi ukamshika mkono. Alikileta karibu na taa, akakitazama. Ulimi ulikuwa na vijifereji, kila kimoja kitanda cha pini yake. Kumbe wenyewe haupitishi umeme! Kazi yake ni kuzilaza pini tu. Je, ukiachwa humo humo ndani ya plagi, pini zikarudishwa taratibu kwenye vitanda vyao?

Akazirudisha, akabana kwa vidole, akawasha kompyuta mpya. Diski ikazunguka, majina ya mafaili yakatokea. Akalegeza kidole kimoja tu, yakatoweka. Gundi aliiogopa, maana tone likiteleza juu ya pini, mambo yamekwisha.

Kalolaine alipofika, Lopeti alimweleza akiwa ameinamisha kichwa. Dada akainama kuitazama ile diski.

"Inasoma?"

"Nikiishika, dada."

"Basi ishike, kaka. Lakini kila video ikishanakiliwa lazima niifungue nione kama ni nzima, kabla diski haijafa kabisa. Na wale akina mama... kuna maneno humo."

Lopeti alikuwa amekwisha simama. Kaka hakai na dada yake chumba kimoja kusikiliza maneno ya chumbani. Lakini mikono ya kuishika diski ilikuwa yake.

"Waya una urefu gani?" Losaline aliuliza.

Meza ikasukumwa hadi dirishani, nyaya zikapitishwa katikati ya vioo vya luva, na Lopeti akaketi nje juu ya ndoo, diski mapajani, vidole vimebana.

"Imesimama!" Losaline aliita. Lopeti akasogeza kidole gumba. "Haya, inakwenda. Usipumue!"

"Nisipopumua nitaanguka nayo."

"Anguka, ila usiiachie."

Video moja moja zilivuka. Vidole vilikufa ganzi, nzi akatembea puani mwake asiweze kumfukuza. Ikabaki moja, ndefu kuliko zote, ya Bibi Fane. Mwanzo wake ulikuwa umekwisha vuka, na Kalolaine akaufungua aujaribu. Milio ya nyundo za mbao ikasikika, kisha sauti ya Bibi Fane, kali na changamfu, ikianza habari ya bwana harusi mmoja na mkeka wake.

Siku nyingine Lopeti angeondoka zake. Au angeziba masikio. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Basi akaimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zote.

"Wifi anasema acha kuimba!" Losaline alipiga kelele. "Unaitikisa!"

Akanyamaza, na alitamani sana kusikia bwana harusi alifanya nini, na aibu ikamchoma kwa kutamani. Losaline akatoka mbio na taulo, akamzungushia kichwani, macho na masikio, akarudi ndani.

Gizani mle Lopeti alibaki na mtetemo wa diski viganjani tu. Aliusikiliza kwa ngozi. Haukukatika.

Taulo likaondolewa. "Achia, bwana. Zote zimevuka, nzima."

Lopeti alifungua kidole kimoja, kisha kingine. Ndani Kalolaine alikuwa akicheka, kicheko kikubwa cha kukosa pumzi, ambacho kaka yake hakuwa amekisikia tangu utotoni.

"Alisema nini Bibi Fane?"

"Uliza nguruwe, si mimi," alisema Losaline, akaingia ndani kucheka na wifi yake.