Sanduku Kubwa Kuliko Pombe Yake

Mpaka leo Mbale siendi siku ya Ijumaa. Nikiwa na safari ya huko nangoja Jumatatu, kwa sababu kuna watu wa rika langu pale mjini ambao wakiniona hawanisalimii kwanza, wanabinya midomo hivi, kama mtu anayevuta mrija, wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu ndiyo wanakumbuka kusema asalaam aleikum. Nawasimulia ninyi mapema kwa sababu kwao mtaisikia tu, na wao wanaisimulia vibaya.

Ilikuwa miaka ile vita vimekwisha kwenye redio lakini barabarani bado. Mdogo wangu Swaibu alikuwa anapeleka sabuni na chumvi kutoka Jinja hadi Mbale, akakamatwa kwenye rodibloku, kile kizuizi cha askari barabarani, wakasema kitambulisho chake ni cha serikali iliyoondoka (sasa cha serikali mpya angekitoa wapi, na ofisi zenyewe hazijafunguliwa?), wakamtia ndani kambini Mbale. Mama yetu pale nyumbani Bugembe, karibu na Jinja, akaacha kula. Anakaa mlangoni, kila gari likipunguza mwendo anasimama, likipita anakaa. Na wakati ule mtu akiingia kambini, ndugu zake walikuwa wanaanza kuongea habari zake kwa sauti ya chini, kama marehemu. Nikasema potelea mbali, naenda.

Mkubwa wa pale aliitwa Afande Okiror, mtu wa Teso, mrefu, hapigi kelele hata kidogo, na mimi watu wa bunduki wasiopiga kelele ndio hasa ninaowaogopa. Aliniangalia kofia yangu ya msikitini, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza vyombo, afande, masufuria, ndoo, majerikeni, kila aina. Halafu akasema:

"Kule nilienda kozi, wazungu wanatengeneza pombe nyumbani kwa sanduku ya barafu. Kitu inashika baridi, inashika moto pia. Wanaweka kimea na maji moto, wanafunga, inakaa moto mpaka inakuwa tamu. Hapa usiku baridi ya mlima inaharibu malwa ya bibi yangu. Ijumaa mimi navaa cheo mpya. Wewe muuza vyombo, unajua saizi ya hiyo sanduku?"

Ndugu zangu, ningesema sijui. Neno lenyewe fupi, halina gharama. Lakini mtu ana bastola kiunoni na mdogo wako yuko nyuma ya ukuta wake, ulimi unajisemea wenyewe. Mimi niliyezaliwa nyumba ya Waislamu, ambaye malwa nilikuwa naiona kwa mbali tu, wazee wamezunguka chungu cha pombe ya ulezi na mirija yao mirefu, nikajibu, "Najua afande. Najua sana."

"Basi leta. Pombe ikitoka mzuri, ndugu yako anaenda nyumbani. Ikikataa..." Alichukua kalamu akaendelea na kazi zake, nami nikatoka kinyumenyume.

Nikarudi Jinja, nikashuka Masese kwa wauza samaki, kwa sababu masanduku ya barafu yalikuwa huko. Kuna mama mmoja alikuwa nayo ya kila namna, madogo ya kubeba mkononi, ya wastani ya kukaa watu wawili, na moja refu la kubebea sangara wazima. Akaniuliza swali la haki kabisa, "Unataka kutia nini, baba?" Sasa nitamwambia nini? Pombe? Mimi, na kofia hii kichwani, na yule mama anamjua mama yangu? Nikasema samaki. Basi naye akanipa la samaki. Angefanyaje? Nikajituliza moyoni, nikasema mkubwa hapewi kitu kidogo, nikimpelekea Afande kisanduku ataona namdharau, na hili likizidi si litabaki nafasi tu? (Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Msicheke bado.)

Nikapata lori la kwenda Mbale. Kabla ya Iganga, rodibloku. Askari kijana akagonga sanduku kwa mtutu, akafunua, akanusa, akaniuliza, "Hii ya kubeba nini?" Nikasema ya pombe ya Afande Okiror. Akaangalia kofia yangu, akaangalia sanduku. "Wewe Mwislamu unabeba pombe? Uongo. Hii munabeba watu. Ingia tuone."

Nikaingia. Abiria wote wa lori wanatazama, mimi najilaza kwenye sanduku la samaki kama maiti anayejipeleka mwenyewe, na kibaya zaidi nikatosha. Nikaenea vizuri, miguu imenyooka. Akafunika. Wallahi pale ndani niliona giza ambalo sijaliona tena, nikasikia moyo wangu unavyopiga kwenye zile mbao, nikaanza kusoma shahada, na harufu ya samaki inaniingia kooni. Kisha nikasikia watu wanacheka, kifuniko kikafunguliwa, na yule kijana anasema, "Kweli ni ya mtu. Pita."

Kufika kambini siku ya Jumanne, Afande alilizunguka sanduku lote akatikisa kichwa kwa furaha. "Hii ndiyo. Kubwa!" Lakini mke wake, Mama Agnesi, mpishi wa malwa toka kwao, alisimama na karai lake la ulezi uliokaangwa na kimea kilichosagwa, akaangalia karai, akaangalia sanduku. Akamwaga. Ukalala chini pale, haukufika hata kifundo cha mguu.

"Baba Agnesi," akasema polepole, "unga iko kidogo. Hii sanduku iko kama nyumba."

Afande akanigeukia. "Fundi?"

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili ya kusema sijui, na mimi nikaipiga teke. Nikasema, "Hiyo nafasi ni ya hewa, mama. Pombe inapumua." Sijui niliitoa wapi. Mama Agnesi alinitazama sana, lakini hata yeye alikuwa anamwogopa mumewe siku hizo, akamwaga maji ya moto, tukafunga. Mvuke wote ukapanda kwenye ile nyumba tupu juu ya uji, na baridi ya mlima ikafanya kazi yake. Kesho yake nikafunua kwa siri nikaweka kidole. Baridi.

Sikuruhusiwa kuondoka. Nikapewa mkeka karibu na jiko, mgeni si mgeni, mfungwa si mfungwa. Kila nikipita namuuliza Mama Agnesi, "Mama, inaendeleaje?" naye ananiambia, "Pombe ikikomaa inaongea, inafanya shhh. Hii imenyamaza." Nikawa natega sikio kwenye kifuniko kila mtu akigeuka, naiomba pombe iongee. Fikirieni, mtoto wa Kiislamu anamwomba Mungu pombe ichachuke! Swaibu nilimwona mara moja tu, kwenye dirisha dogo, amekonda, akaniuliza kwa ishara ya mkono, vipi? Nikainua kidole gumba. Niseme nini tena?

Ijumaa ikafika. Afande kavaa cheo chake kipya, wageni wake askari wamekuja na viti, na kwa maringo akasema hatumimini kwenye chungu, watu watakunywa humohumo sandukuni waone maendeleo. Sanduku likabebwa uwanjani, karibu na uzio wa seng'enge unaopakana na barabara ya mjini. Mirija ikagawiwa. Swaibu akaletwa akakalishwa chini pembeni na askari mmoja, na hapo nikaelewa kwamba Afande ni mtu wa neno lake, kwa upande wowote ule litakaloangukia.

Sasa kuna desturi, nanyi mnaijua: malwa hainywewi mpaka aliyeipika aionje mbele ya watu, wajue hakuna sumu. Na baada ya vita vile nani alikuwa anaamini kinywaji cha mwenzake? Wote wakamtazama Mama Agnesi. Yeye akarudi nyuma hatua. "Mimi nilimwaga maji tu. Fundi ni huyu."

"Fundi," Afande akasema, "anza."

"Afande, mimi ni Mwislamu."

"Najua. Basi ndugu yako ataonja."

Askari akamshika Swaibu bega. Nikamwona mdogo wangu anaangalia ule mrija kama nyoka, na nikamwona mama yangu mlangoni Bugembe anasimama na kukaa. Nikasema, "Hapana. Mimi." Nikapiga magoti kando ya sanduku, nikatumbukiza mrija, na kwa mazoea ya kila chakula maishani mwangu, nikasema kwa sauti kubwa, "Bismillahi!" Askari waliangua kicheko. Mimi machozi yananitoka. Nikafumba macho, nikavuta.

Uji.

Uji jamani! Uji baridi wa ulezi wenye harufu ya samaki, haujachachuka hata tone. Na mimi, badala ya kumeza na kunyamaza kama mtu mwenye akili, nikaruka juu kwa furaha nikapiga kelele, "Alhamdulillah, ni uji! Ni uji mtupu!"

Kicheko kikakatika. Askari mmoja akavuta, akatema. Mwingine akavuta, akamtazama Afande, akatazama chini. Afande akainuka taratibu na mkono wake ukaenda kwenye bastola, ukakaa hapo.

"Umeniletea uji mbele ya watu yangu."

Nilijua tumekwisha, mimi na Swaibu wote wawili. Wakati huo mgeni mmoja, mzee wa cheo cha juu kidogo, alikuwa anapambana na kicheko mpaka mabega yanamtikisika, kikamshinda, akasema, "Okiror, wewe mwenyewe ulikamata Mwislamu kukuchagulia chombo ya pombe." Uwanja mzima ukapasuka. Afande alisimama pale muda, mkono uko palepale, halafu ukashuka.

"Kaeni," akatuambia. "Wewe na ndugu yako. Maliza yote."

Basi tukakaa, mrija huku na mrija kule, tunavuta uji wa Afande chini ya mtutu, na ndipo watu wakaanza kutoka msikitini. Barabara nzima ya kanzu nyeupe. Na mbele yao nani? Ami yetu anayeishi Mbale, mwadhini wa msikiti ule, aliyekuwa anaomba dua kila siku Swaibu aachiwe. Akasimama kwenye uzio akashika seng'enge. Aliona wanajeshi, sanduku, mirija, na watoto wa kaka yake katikati wanavuta.

"Ami!" nikapiga kelele. "Ni uji! Wallahi ni uji!"

Askari walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Ami akaachia uzio, akaenda, na umati mzima ukaenda naye, wanageuka nyuma kututazama.

Tulipomaliza Afande alisema, "Toka. Beba na sanduku yako." Nje ya lango Mama Agnesi alinifuata, akaninong'oneza, "Sanduku inapimwa na nafaka, si na cheo ya mtu." Sasa mama, si ungesema Jumanne?

Tukalibeba hadi nje ya mji, Swaibu mbele mimi nyuma, matumbo yamejaa, watu wanatuzomea. Tukaliweka chini kupumzika. Swaibu akaniuliza bila kunitazama, "Kaka, ulipovuta ule mrija, ulijua ni uji?"

Hilo ndilo swali ambalo watu wa Mbale hawajawahi kuniuliza. Wao wanabishana kama ilikuwa pombe au uji, na mimi naapa uji, na ni kweli, uji. Lakini mimi nilipofumba macho nilijua ni pombe.

"Sikujua," nikamwambia.

Swaibu akakaa chini kando ya sanduku akalia, na mimi nikakaa nikalia naye, watu wazima wawili barabarani. Kisha akanishika mkono tukaendelea. Mama alipomwona alianguka palepale mlangoni, na kwa kile kilio chake ningekivuta kile kitu hata kama kingekuwa pombe ya kweli, Mungu anisamehe. Ila tangu siku ile mtu akiniuliza nisichokijua, awe na bunduki, awe na kanzu, namwambia sijui. Afadhali aniue nikiwa nasema kweli.